Kifundo cha muguu: chombo cha kazi chenye tunasahau

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama zetu wenye kubeba mizigo: tukiongea usalama ku kazi, tunaongea shimo na miti ya kuzuia udongo. Ni sawa. Lakini muguu, nani anausemea? Mutu anakanyaga jiwe ya utelezi, kifundo kinageuka, na wiki mbili ao tatu nyumba haina pesa ya unga.

Watu wa Walikale wanajua. Kule Bisie, mbele barabara ifike, kasiteriti ilitoka mu pori ku mugongo ya watu, mifuko ya kilo 50, mpaka Njingala.

Wenye kujua sana nguvu ya muguu ni wachezaji wa bale, ile dansi ya kusimama ku ncha ya vidole. Si mambo ya Wazungu tu: Joel Kioko alitoka mutaa wa Kuwinda, Nairobi, akafika ku shule ya English National Ballet, London. Walimu wazuri wa bale hawaruhusu mutoto kusimama ku ncha mbele ya miaka 11 ao 12, na ni kisha miaka ya mazoezi, kusudi mifupa ikomae. Na sisi? Tunaona kijana wa miaka 13 anapandishwa mufuko ku mugongo, tunanyamaza, hata kama sheria inakataza kazi ya mugodi chini ya miaka 18.

Mazoezi yao tunaweza kuyafanya hapa Shasha, bila feza:

1. Shika ukuta, inua visigino, kisha shuka pole pole. Mara 15, pumzika, rudilia mara mbili. Ikikuwa nyepesi, tumia muguu moja.

2. Simama ku muguu moja nusu dakika, kisha macho ya kufunga. Kifundo kinajifunza kujishika haraka.

3. Kata kipande cha mupira wa ndani ya gurudumu ya pikipiki, ufunge ku mutu wa muguu na ku kiti, uvute muguu kwa upande wa inje, mara 15. Ni upande ule wenye kuteguka mara mingi.

4. Weka kitambaa chini, ukikunje na vidole vya muguu.

Dakika kumi, mara tatu kwa juma. Kisha juma sita utasikia mabadiliko.

Ukiteguka na huwezi kutembea hatua ine, ao mufupa wa kifundo unauma ukiufinya, usikubali mutu akuvute muguu. Enda kituo cha afya, inaweza kuwa umevunjika.

Lakini tusidanganyane: mazoezi hayalipe deni ya tajiri. Ku mukutano wa koperative tuombe vitu vitatu: bote, ngazi za kuchimba mu njia ya muteremuko, na kipimo cha muzigo. Muguu ni yako, lakini njia ni ya sisi wote.