Gari Lako Linachoka Mlimani? Usikimbilie Filta ya "Spidi"

Wengi wenu sasa mnasomba mazao kwa Canter na Fuso zenu wenyewe, hongereni. Swali linalokuja sana ni hili: "Bwana shamba, nikibadilisha mfumo wa hewa gari litapata nguvu?"

Tuelewane kwanza. Ngara ni milima, na huku juu hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo lazima ichoke kidogo. Hakuna filta inayoleta hewa ambayo haipo. Kama filta yako imeziba, mpya ya kawaida itarudisha nguvu. Zaidi ya hapo utapata makelele tu.

Adui wetu ni vumbi. Injini ya lita 4.2, kama ya Canter 4D33, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inameza karibu lita 4,000 za hewa kila dakika. Hayo ni mapipa 20! Kiangazi, Juni hadi Agosti, ukitoka shambani Biharamulo mpaka uikute lami ya Lusahunga, vumbi jekundu limo humo humo. Likipenya, linasaga ringi na silinda kama msasa. Gari linaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu, mwisho ni oveholi, na ndizi zako zinaivia shambani.

Sasa chagua hivi:

Filta ya wazi, ile ya koni: achana nayo. Inavuta hewa ya moto ya injini, na hewa ya moto ni nyepesi zaidi.

Filta ya pamba ya kupaka oili: inaoshwa na kurudishwa, ndiyo, lakini kwa kawaida inapitisha vumbi laini kuliko karatasi nzuri. Kwa barabara zetu, hapana.

Bomba la hewa la kupandisha juu, lenye bakuli la kuzungusha vumbi kama la trekta: hapa ndipo pa kuweka pesa. Vumbi zito linabaki kwenye bakuli, filta inadumu. Hakikisha saizi inaendana na injini. Likiwa dogo litaibana.

Filta ya karatasi ndani ya boksi lake: hii inabaki palepale. Angalia mpira wa pembeni uwe laini na ukae sawasawa.

Kabla hujalipia chochote, fungua mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi, kuna mahali panavuja: klempu imelegea, mpira umepasuka au filta haikukaa. Ziba hapo kwanza, maana bomba jipya juu ya mpira uliopasuka ni hela ya bure.

Na mwambie utingo asiigonge filta kwenye tairi wala kuipiga kompresa ya presha kubwa. Karatasi ikitoboka, vumbi limepata mlango.

Mwenye swali aulize. Kazi njema.