Mzazi na Siku Zinazofuata Arobaini

Katika miji na vijiji vya pwani ya Afrika Mashariki, mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, naye kwa desturi hukaa ndani siku 40, akikandwa kwa maji ya moto, akinyweshwa uji wa pilipili manga na kuepushwa kazi nzito, huku mama yake au shangazi akimwogesha mtoto na kupokea wageni. Desturi hiyo ya arobaini yaonyesha kwamba jamii ilikwisha kutambua zamani kuwa mzazi hafai kuachwa peke yake. Hata hivyo, uangalizi wenyewe huelekea zaidi kwenye mwili kuliko kwenye moyo, na hukoma wakati maradhi ya akili yatokanayo na uzazi bado yanaweza kuanza.

Wataalamu hutofautisha hali tatu. Ya kwanza ni huzuni ya siku za mwanzo, inayowapata wazazi wengi kuanzia siku ya 3 hivi, ambapo mama hulia bila sababu ya wazi na kukasirika upesi, kisha hutulia mwenyewe kabla ya wiki 2 kupita. Huhusishwa na kushuka kwa ghafla kwa homoni za estrojeni na projesteroni baada ya kondo la nyuma kutoka, pamoja na uchovu wa kukesha. Ya pili ni sonona, ambayo wengine huiita unyogovu, yaani huzuni au kukosa hamu ya mambo yote kunakodumu wiki 2 au zaidi, kunakoweza kuanza tangu ujauzito au wakati wowote katika mwaka wa kwanza wa mtoto. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika nchi zinazoendelea matatizo ya akili, hasa sonona, huwapata karibu asilimia 16 ya wajawazito na asilimia 20 ya waliojifungua. Ya tatu ni saikosisi ya uzazi, ambayo huwapata mama 1 au 2 katika kila 1,000: mzazi huacha kulala, husikia sauti zisizokuwapo au huamini mambo yasiyo ya kweli, na hiyo ni dharura ya kumfikisha hospitali siku hiyo hiyo.

Sonona hujificha nyuma ya uchovu wa kawaida, kwa hiyo jamaa hutakiwa kuangalia kwa makini kama mzazi hupata usingizi mtoto anapolala, kama hula, na kama hujilaumu kuwa hafai kulea. Kipimo cha Edinburgh cha kutambua sonona ya uzazi, kilichotolewa mwaka 1987, kina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, na la mwisho huuliza juu ya mawazo ya kujidhuru. Kumwuliza mtu jambo hilo kwa upole hakumtii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kulisema.

Kumwambia mzazi ajikaze, au kumlinganisha na wenziwe waliozaa wasilalamike, humfunga mdomo. Kinachomfaa ni kusikilizwa bila kuhukumiwa, mume kupokezana naye kumbeba mtoto usiku, na jamaa kumsindikiza kwa mtaalamu, kwa kuwa sonona hutibika kwa mazungumzo ya tiba na, inapobidi, kwa dawa, ambazo baadhi yake huweza kutumiwa na anayenyonyesha kwa ushauri wa daktari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka vijiji vya Pakistan ulionyesha kuwa pale wahudumu wa afya wa kijijini walipofunzwa kuzungumza na wajawazito wenye sonona majumbani mwao, asilimia 23 tu ndio walioendelea kuwa nayo miezi 6 baada ya kujifungua, dhidi ya asilimia 53 ya waliotembelewa bila mazungumzo hayo.

Mtoto hupelekwa kliniki kwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14, na ya kwanza kati ya safari hizo huangukia siku ya 42, wageni wakiwa wamekwisha kuondoka. Anayemsindikiza mzazi siku hiyo, mtoto akiisha kupimwa uzito, anaweza kumweleza muuguzi jinsi mama mwenyewe anavyolala na anavyojisikia.