Kioo Ndani ya Jino

Daktari akikuziba jino kwa ile rojo nyeupe inayogandishwa kwa taa ya bluu, anakuwekea polima iliyojaa chembe za kioo. Polima peke yake ni laini mno kwa kazi hiyo. Ukakamavu wake, yaani inavyokataa kubonyea, ni kama gigapaskali 3. Kioo kina 70 hivi, na dentini, ile sehemu ya jino iliyo chini ya enameli, ina kati ya 15 na 20.

Sasa changanya nusu kwa nusu. Wengi watapiga wastani wapate 36, lakini haiji hivyo. Kila chembe imezungukwa na polima, kwa hiyo nguvu ya kutafuna haifiki kutoka chembe moja hadi nyingine bila kupita kwenye ulaini ulio katikati, na ulaini huo ndio unaobonyea. Mwaka 1963 Zvi Hashin na Shmuel Shtrikman walionyesha mipaka ya hesabu hii. Mpaka wao wa chini, ulio karibu zaidi na mchanganyiko wa namna hii, unanipa takriban 8. Ondoa kioo, weka chembe zisizobonyea hata kidogo: unapata 9 tu! Ndiyo maana sivutiwi na sifa za ugumu wa chembe. Cha kuuliza ni zimejazwa kiasi gani.

Kujaza nako kuna ukomo. Chembe duara za ukubwa mmoja zikimwagwa ovyo hujaza kama asilimia 64 ya nafasi, basi. Ili kupita hapo sharti uchanganye kubwa na ndogo, kama fundi anavyoziba kwa mchanga nafasi zilizo kati ya kokoto. Lakini rojo iliyojazwa sana huwa nzito, haifiki vizuri kwenye pembe za tundu, na kiputo cha hewa kikinaswa humo hupunguza ukakamavu uleule uliotafutwa.

Tena polima husinyaa inapoganda, na kadiri kizibo kilivyo kikakamavu ndivyo kinavyovuta kuta za jino. Kwa sababu hiyo baadhi ya madaktari hutandaza kwanza tabaka jembamba lenye chembe chache, linalonyumbuka kidogo kupunguza mvuto huo, kisha juu yake wakaweka lile lililoshiba kioo.