Tosti ya mayai iliyojazwa

Tosti ya mayai ni chakula cha asubuhi kinachotengenezwa kwa kuchovya vipande vya mkate katika mayai yaliyopigwa pamoja na maziwa, kisha kuvikaanga. Ikitiwa kitu katikati, kwa mfano matunda au siagi ya karanga, huitwa tosti iliyojazwa. Ni tofauti na mkate wa mayai wa Waswahili, ambao ni keki laini ya mayai, sukari na iliki.

Historia

Asili ya chakula hiki ni kuokoa mkate uliokauka. Kitabu cha mapishi cha Roma ya Kale kinachojulikana kwa jina la Apicius kinaeleza mkate uliolowekwa katika maziwa, ukakaangwa na kumiminiwa asali. Wafaransa hukiita pain perdu, yaani "mkate uliopotea". Nchini Hispania huitwa torrijas na huliwa hasa wakati wa Kwaresima na Juma Kuu. Huko Hong Kong, slesi mbili hushikanishwa kwa siagi ya karanga na kukaangwa katika mafuta mengi.

Mahitaji

Katika vijiji vya Bagamoyo na Chalinze, kama Mkange, maziwa yanaweza kubadilishwa kwa tui zito la nazi. Kwa watu wawili hutosha:

- slesi 4 nene za mkate wa jana
- mayai 3
- tui zito nusu kikombe
- ndizi mbivu 1, au nanasi lililopikwa na sukari kidogo hadi maji yakauke (Kiwangwa ni maarufu kwa mananasi)
- siagi ya karanga vijiko 2
- iliki, chumvi kidogo na mafuta ya kukaangia

Mkate wa jana hufaa kuliko wa leo, kwa kuwa hunyonya mayai bila kumeguka. Lakini mkate ulioota ukungu utupwe wote. Kukata sehemu inayoonekana hakutoshi, maana nyuzi za ukungu hupenya ndani.

Utayarishaji

Paka slesi mbili siagi ya karanga, panga tunda juu yake bila kufika ukingoni, kisha funika kwa slesi nyingine na kubana kingo. Piga mayai pamoja na tui, iliki na chumvi. Lowesha kila upande kwa muda wa nusu dakika hivi, halafu kaanga kwa moto mdogo.

Kosa la kawaida ni moto mkali: nje huungua huku mayai yaliyopenya ndani yakiwa bado mabichi. Mayai mabichi yanaweza kuwa na bakteria wa salmonela wanaosababisha kuhara na homa, hatari zaidi kwa watoto wadogo, wajawazito na wazee. Bakteria hao hufa yai likifikia joto la nyuzi 71 za Selsiasi. Dawa yake ni ileile ya wapishi wa wali wa nazi: punguza makaa chini, funika kikaango kwa mfuniko wa bati na upalie makaa machache juu yake. Joto likitoka pande zote mbili, katikati huiva. Kata moja kuhakikisha: pasionekane ute wa yai unaotiririka.

Ulaji

Huliwa ingali moto. Kwa kuwa ina mafuta na utamu mwingi, hufaa kwa siku maalumu, pamoja na chai ya rangi isiyo na sukari.