Taarifa ya Ugonjwa Inavyosafiri Kutoka Taveta Hadi Geneva

Mnamo 31 Julai 2024 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini Kenya alikuwa amepatikana katika kituo cha pamoja cha mpakani cha Taveta. Alikuwa msafiri aliyetoka Uganda akielekea Rwanda. Kwa mtu asiyejua barabara za malori, hilo ni jambo la kushangaza, maana Uganda na Rwanda zinapakana. Wakazi wa Taveta hawakushangaa. Wanayaona matrela yakitoka barabara kuu ya Mombasa pale Voi, yakapita Mwatate na kuvuka Holili kuelekea Moshi, Arusha na nchi za ndani.

Wiki mbili baadaye, tarehe 14 Agosti, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza mpox kuwa dharura ya afya ya umma inayoihusu dunia nzima. Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, kilikuwa kimetoa tangazo lake siku moja kabla. Sababu kubwa ilikuwa hali ilivyokuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hata hivyo, WHO ilitaja pia nchi nne za eneo hili ambazo hazikuwa zimewahi kuripoti mpox: Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Wakati huo Kenya ilikuwa imetangaza mgonjwa mmoja tu, yule wa Taveta. Upele ulioonekana mpakani kwetu ulikuwa umefika kwenye meza ya wataalamu Geneva.

Haikutokea hivyo kwa bahati. Kuna mkataba, kuna saa zinazohesabiwa, na kuna mipango kadhaa ya kimataifa inayozisaidia nchi kujiandaa. Wakazi wengi huisikia mipango hiyo ikitajwa kwenye warsha na mabaraza bila kuelezwa inamhusu vipi mtu wa Wundanyi au Mwatate.

Mkataba wenyewe unaitwa Kanuni za Afya za Kimataifa. Ulipitishwa mwaka 2005, ukaanza kutumika Juni 2007, na nchi 196 zinafungwa nao, Kenya ikiwemo. Kile kitabu cha njano cha chanjo ambacho msafiri huonyesha uwanja wa ndege au mpakani kinatokana na kanuni hizi. Lakini kitabu ni sehemu ndogo. Sharti kubwa ni la muda. Serikali ikipata habari za tukio lisilo la kawaida, ina saa 48 za kulipima, na likionekana linaweza kuvuka mipaka, WHO lazima ijulishwe ndani ya saa 24.

Watu wengi hudhani kanuni hizi ni za Nairobi na Geneva tu. La. Kiambatisho cha kwanza kinaanzia mashinani: kinataka kila jamii iwe na uwezo wa kutambua ugonjwa au vifo vinavyozidi kawaida, wa kupeleka habari mara moja, na wa kuanza kuzuia maambukizi papo hapo bila kungoja amri kutoka juu. Kwa Kenya kazi hiyo imegawanywa na Katiba ya 2010. Hospitali, vituo vya afya na zahanati vya kaunti viko chini ya serikali ya kaunti, huku maafisa wa afya wanaopima wasafiri mpakani wakiwa wa serikali ya kitaifa. Ndiyo maana pale Taveta mgonjwa anaweza kuonwa na afisa wa Wizara, akapelekwa kutengwa katika kituo cha kaunti, na sampuli yake ikapimwa katika maabara ya kitaifa. Pande hizi zikikosa kuongea, saa zinayoyoma.

Wenye maduka na wachuuzi wa soko la Taveta huwa na swali moja ambalo ni la haki kabisa: tukiripoti, si ndiyo tutafungiwa? Wana sababu ya kuuliza. Mnamo 16 Mei 2020, wakati wa korona, serikali ya kitaifa ilifunga mpaka wa Tanzania kwa abiria, malori ya mizigo pekee yakiruhusiwa kupita baada ya madereva kupimwa. Familia nyingi zinazoishi kwa biashara ya pande zote mbili ziliumia. Nchi nazo huogopa hivyo hivyo. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini waliiarifu dunia mapema kuhusu aina mpya ya virusi vya korona, iliyokuja kuitwa Omicron. Shukrani waliyopata ni nchi nyingi kusimamisha safari za ndege za kusini mwa Afrika katika muda wa siku chache. Hilo lilikuwa kosa, na WHO ilipinga marufuku hizo.

Kanuni zenyewe zinasema hatua za kuzuia ugonjwa zisivuruge safari na biashara kuliko inavyohitajika. Kwa mpox ya 2024 zilifuatwa vizuri zaidi. Mpaka wa Taveta haukufungwa. Ugonjwa unaoenea hasa kwa kugusana kwa karibu hauzuiwi kwa kufunga soko. Unazuiwa kwa kumpata mgonjwa mapema, kumtibu, na kuwafuatilia aliogusana nao. Panapochelewa, ugonjwa husafiri na wenyeji: baadaye visa vya mpox vilipatikana katika kaunti nyingine, zikiwemo Nakuru, Mombasa na Busia.

Kupima utayari

Baada ya Ebola kuua zaidi ya watu 11,000 Afrika Magharibi kati ya 2014 na 2016, ilionekana kwamba nchi kujipima zenyewe hakutoshi. WHO ikaanzisha tathmini ya pamoja, ambapo nchi hukaribisha wataalamu wa nje waje kukagua uwezo wake. Kila eneo hupewa alama kutoka 1 hadi 5, na ukaguzi unagusa maabara, chanjo, usalama wa chakula, magonjwa ya wanyama, milango ya kuingilia nchini na mengine. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza, Februari 2016. Kenya ilikaguliwa mapema 2017. Nchi hailazimishwi, na ripoti huchapishwa wazi, jambo ambalo linahitaji ujasiri kwa serikali yoyote.

Alama nazo zina mipaka yake. Mwaka 2019 orodha moja ya kimataifa ya utayari iliiweka Marekani ya kwanza na Uingereza ya pili. Korona ilipofika, zote mbili zilipoteza watu wengi mno. Mwanafunzi anayefaulu majaribio yote huweza kuanguka siku ya mtihani.

Kwa hiyo siku hizi nchi nyingi, Kenya ikiwemo, zinatumia pia kipimo rahisi kinachoitwa saba-moja-saba. Mlipuko ugunduliwe ndani ya siku 7 tangu uanze, wahusika wa afya ya umma wajulishwe ndani ya siku 1, na hatua za mwanzo za kuudhibiti zikamilike ndani ya siku 7 zinazofuata. Uzuri wake ni kwamba kinaonyesha ucheleweshaji ulitokea wapi. Na mara nyingi siku zinazopotea ni zile saba za mwanzo, kabla ya mtu yeyote wa serikali kujua lolote: mgonjwa amenunua dawa dukani, amelala nyumbani akisubiri apate nafuu, au amekwenda kwa mganga.

Homa ya Bonde la Ufa ni mfano mzuri. Baada ya mvua kubwa mbu huongezeka, na ng'ombe, mbuzi na kondoo huanza kutoa mimba kwa wingi. Binadamu huugua baadaye, wengi kwa kugusa damu au nyama ya mnyama mgonjwa. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliua zaidi ya watu 150 nchini Kenya. Mfugaji wa Kasigau au Mwatate anayemwambia afisa wa mifugo kwamba mbuzi wake kumi wametoa mimba wiki moja anaweza kuwa ametoa onyo la kwanza.

Ugonjwa huohuo ndio uliotumika katika zoezi la Namanga, Juni 2019. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliwakusanya maafisa wa Kenya na Tanzania pale mpakani kwa siku nne, wakaigiza mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa kana kwamba umetokea kweli: madaktari wa watu na wa mifugo, forodha, uhamiaji na polisi. Miezi tisa baadaye korona ilikuwa imeingia. Mwaka 2020 Jumuiya iligawa pia maabara tisa zinazosafirishwa kwa magari, zilizogharamiwa na Ujerumani, Kenya ikapata mbili. Mafunzo nayo yana umri mrefu zaidi: tangu 2004 Kenya imekuwa ikifundisha wapelelezi wa magonjwa, kwa msaada wa CDC ya Marekani.

Misaada hiyo sasa imetikisika. Januari 2025 Marekani ilitangaza kujiondoa WHO na kusimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Ipo Hazina ya Majanga ya Dunia, iliyoanzishwa 2022 chini ya Benki ya Dunia, inayotoa ruzuku kwa nchi zinazojiandaa, lakini fedha zake hazitoshi mahitaji yote. Wakati huo huo wajibu umeongezeka. Mabadiliko ya Kanuni yaliyoanza kutumika 19 Septemba 2025 yameongeza ngazi mpya ya tahadhari, juu ya ile ya kawaida, kwa ugonjwa unaotishia kuenea duniani kote. Kaunti inayopanga bajeti ya afya haiwezi tena kuhesabu kwamba glavu, mafuta ya gari la kufuatilia wagonjwa na muda wa simu vitalipwa na mfadhili.

Nani aambiwe, na nini

Anayeanza mlolongo huu wote ni mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa zaidi ya 100,000 waliopewa vifaa vya kazi na serikali ya kitaifa kuanzia Septemba 2023. Mwambie yeye, au kituo cha afya kilicho karibu, unapoona watu wawili au zaidi katika boma, shule au soko moja wakiugua sana kwa dalili zinazofanana ndani ya wiki moja. Kuhara maji kusikokoma. Homa yenye kutoka damu. Upele wenye malengelenge kwa mtu aliyesafiri au aliyekaa karibu na msafiri. Kifo ambacho hakieleweki. Au mifugo na kuku kufa au kutoa mimba kwa wingi. Huhitaji kujua jina la ugonjwa, na huhitaji kuwa na hakika. Mhamasishaji hupeleka habari kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo, ambaye kazi yake ni kuthibitisha.

Ikiwa mhamasishaji hapatikani, nambari ya dharura ya Wizara ya Afya ni 719, nayo hailipishwi. Madereva, makondakta na wahudumu wa nyumba za kulala wageni za Voi na Taveta wanaweza kuipiga pia. Mgonjwa asiguswe bila glavu, asipandishwe bodaboda au matatu, na asisimangwe.