JIRANI AKIVAMIWA, MATAIFA YATENDE NINI?

Polisi aliyezoea zamu za usiku anajua jambo moja ambalo wakuu wa mataifa hulisahau mara kwa mara: mwizi aliyevunja mlango wa kwanza asikamatwe, hurudi usiku wa pili pamoja na wenzake. Katika makala haya twataka kulitazama jambo hilo, si katika mtaa wala kijiji, bali katika ulimwengu wa mataifa. Nchi yenye nguvu ivukapo mpaka na kumvamia jirani yake, mataifa mengine yapaswa kutenda nini? Tumechagua visa viwili, kimoja cha aibu na kimoja cha mafanikio, ili tupime.

Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Italia, kwa amri ya Mussolini, yalivuka mto Mareb kutoka Eritrea yakaingia Ethiopia bila ya kutangaza vita. Nchi zote mbili zilikuwa wanachama wa Ushirika wa Mataifa, ambao mkataba wake ulisema wazi kwamba anayempiga vita mwanachama mmoja amewapiga wote. Siku nne baadaye, huko Geneva, Baraza la Ushirika liliamua kwamba Italia imeuvunja mkataba. Hukumu ilitoka upesi, nayo ilikuwa ya haki. Kilichokosekana ni utekelezaji.

Vikwazo vilianza tarehe 18 Novemba. Italia ilinyimwa silaha na mikopo, na bidhaa zake zikakataliwa. Lakini mafuta ya petroli, makaa ya mawe na chuma cha pua havikuguswa, na bila ya mafuta gari la vita haliendi wala ndege hairuki. Mfereji wa Suez nao uliachwa wazi, na meli zilizobeba askari wa Mussolini zikapita kwa kulipa ushuru. Tena, kabla ya vita mataifa kadhaa yalikuwa yamezuia silaha zisiuziwe upande wowote. Katazo hilo lilionekana kuwa la usawa, kumbe halikuwa. Italia ilikuwa na viwanda vyake. Ethiopia haikuwa navyo.

Yaliyofuata yanajulikana. Gesi ya sumu ilimwagwa kutoka angani juu ya askari na raia. Tarehe 5 Mei 1936 Addis Ababa ikatekwa. Tarehe 30 Juni Mfalme Haile Selassie alisimama mwenyewe Geneva, akawaambia wajumbe kwamba shauri lile si la Ethiopia peke yake, bali ni la usalama wa kila taifa dogo. Mwezi uliofuata vikwazo vikaondolewa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 1938 Austria ikamezwa na Ujerumani. Mwaka 1939 zikafuata Czechoslovakia na Albania, kisha ulimwengu mzima ukawaka moto. Na ni nani waliotumwa kuujenga ukuta huo katika Afrika? Mwaka 1941 vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, waliokuwa katika King's African Rifles, walikuwa miongoni mwa majeshi yaliyopigana na Waitalia hadi Gondar ikaanguka mwezi Novemba. Deni ambalo mataifa yalikataa kulilipa kwa mafuta, babu zetu walililipa kwa damu.

Sasa tutazame kisa cha pili. Tarehe 2 Agosti 1990 majeshi ya Irak yaliiteka Kuwait. Siku hiyo hiyo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililaani uvamizi na kuitaka Irak iondoke. Tarehe 6 Agosti biashara yote na Irak ikapigwa marufuku, mafuta yake yakiwamo. Tarehe 9 Agosti Baraza likatamka kwamba tangazo la Irak la kuifanya Kuwait kuwa sehemu yake ni batili. Mwishoni mwa Novemba Irak ikapewa hadi tarehe 15 Januari 1991. Ilipokaidi, majeshi ya nchi zaidi ya 30, zikiwamo Misri, Moroko, Senegal na Niger, yaliungana kuikomboa Kuwait, na tarehe 28 Februari mapigano yakasimamishwa. Irak ikatakiwa kulipa fidia. Kiasi cha dola bilioni 52.4 kililipwa, na malipo ya mwisho yakakamilika Januari 2022.

Hata hivyo, tusijidanganye. Kuwait ilikuwa na mafuta. Ethiopia ya mwaka 1935 haikuwa nayo, na wakubwa huenda mbio zaidi pale penye maslahi yao. Isitoshe, Baraza la Usalama liliweza kutenda kwa sababu hakuna mkubwa aliyetumia kura ya turufu. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, azimio la Baraza hilo liliangushwa kwa kura ya Urusi yenyewe. Ilibidi shauri lipelekwe katika Baraza Kuu, ambako tarehe 2 Machi nchi 141 zilitaka majeshi hayo yaondoke. Azimio la namna hiyo halina nguvu ya kulazimisha, lakini humnyima mvamizi kisingizio kwamba dunia imeridhika.

Kutokana na visa hivi, twaona mambo manne. La kwanza, mvamizi atajwe kwa jina bila ya kukawia, na ardhi aliyoipora isitambuliwe kamwe kuwa ni yake. La pili, vikwazo viguse kile kinachoendesha vita, tena tangu siku ya kwanza. La tatu, aliyevamiwa asaidiwe, kwa maana Hati ya Umoja wa Mataifa inamkubalia kila mmoja kujilinda, peke yake au pamoja na wenziwe. La nne, lengo liwe ni kumrudisha mvamizi nyuma ya mpaka wake, si kuligeuza taifa lake kuwa mawindo.

Ndugu askari, huenda ukauliza: hayo ni ya wakubwa, mimi yanihusu nini? Sisi twajibu kwamba yakuhusu sana. Mwezi Juni 2010, katika mji wetu wa Kampala, wajumbe wa mataifa walikubaliana juu ya maana ya kosa la uvamizi katika sheria ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kosa hilo ni la wale wenye mamlaka ya kuamuru vita. Lakini kupora mali ya raia, kumtesa mateka na kumdhulumu mwanamke ni makosa ya yule aliyeyatenda, awe jenerali au kuruta.

Na historia yetu wenyewe yashuhudia. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na watawala wa wakati ule wakatangaza kwamba ardhi hiyo ni ya Uganda. Ng'ombe na mali za wananchi zikachukuliwa. Aprili 1979 utawala huo ukaanguka. Aliyetoa amri akapata hifadhi ng'ambo. Askari wengi wadogo wakapata kaburi au gereza.

Basi, tunayevaa sare tuulinde mpaka wetu kwa macho makali, na tuuheshimu wa jirani kama wetu. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Lakini lililo bora zaidi ni kumshika mkono mwenye wembe kabla hajafika kichwani pa mtu wa pili.