Kuhesabu njia za kupata kiasi kwa sarafu

Kuhesabu njia za kupata kiasi kwa sarafu ni swali la hisabati linalouliza kiasi fulani cha pesa kinaweza kulipwa kwa michanganyo mingapi tofauti ya sarafu, ikiwa sarafu za kila thamani zipo za kutosha. Ni swali la kombinatoria, yaani tawi la hisabati linalohusu kuhesabu, na hutumika sana kufundishia uandishi wa programu za kompyuta.

Kinachohesabiwa ni sarafu zilizotolewa, si mpangilio wake. Mteja anayetoa sarafu ya 100 kisha mbili za 50 amelipa sawa na yule anayeanza na za 50.

Mfano wa shilingi 500

Tanzania ina sarafu za shilingi 50, 100, 200 na 500. Anayeorodhesha njia za kupata shilingi 500 bila utaratibu hupotea upesi, kwani akifika njia ya nane au ya tisa hajui tena ipi ameshaiandika. Ni afadhali kuanza na sarafu kubwa.

Sarafu ya 500 yenyewe ni njia 1. Zikitumika mbili za 200, hubaki 100, ambayo hupatikana kwa njia 2. Ikitumika moja ya 200, hubaki 300. Hapo sarafu za 100 zaweza kuwa 0, 1, 2 au 3, na pengo hujazwa na za 50, basi ni njia 4. Bila ya 200, sarafu za 100 zaweza kuwa kuanzia 0 hadi 5, yaani njia 6. Jumla ni 1 + 2 + 4 + 6 = 13.

Kanuni

Kwa kiasi kikubwa zaidi, chagua sarafu moja, tuseme ya 200. Kila njia ama haina sarafu hiyo, ama inayo angalau moja. Kwa hiyo njia za kupata 500 kwa sarafu za 50, 100 na 200 ni njia zisizo na ya 200 (6), kuongeza njia za kupata 300 kwa sarafu zote tatu (6), yaani 12. Ikiongezwa sarafu ya 500 zinakuwa 13 kama mwanzo. Kwa kanuni hiyohiyo, shilingi 1000 zina njia 49.

Kompyuta hujaza jedwali kwa kanuni hii, ikimaliza viasi vyote kwa sarafu moja kabla ya kuingiza nyingine. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Programu ikipitia sarafu zote katika kila kiasi, huhesabu pia mpangilio: 50 kisha 100, na 100 kisha 50, huwa njia mbili. Kwa shilingi 500 jibu huwa 170 badala ya 13. Programu haitoi onyo lolote, kwa hiyo ni vizuri kuijaribu kwanza kwa shilingi 200, ambazo jibu lake ni 4, si 6.

Historia

Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1748 jinsi maswali ya kugawa namba katika mafungu yanavyotatuliwa kwa kuzidisha mifululizo. Mwaka 1956 George Pólya alitumia swali la kuvunja dola moja ya Marekani kuonyesha njia hiyo. Kwa sarafu za senti 1, 5, 10, 25 na 50, dola moja ina njia 292.